Hewa Ndiyo Inayoamua: Kutazama Sayari kwa Darubini Kutoka Kisaka

Boksi la darubini ya bei nafuu huwa na namba moja iliyochapwa kwa herufi nene kuliko maandishi mengine yote: mara 525, au mara 675. Mnunuzi huisoma kama ahadi. Akifika nyumbani anasimamisha miguu mitatu, anachomeka lenzi yenye namba ndogo kuliko zote kwa sababu ndiyo inayokuza zaidi, anaelekeza darubini kwenye sayari, na anachokutana nacho ni doa la kijivu linalotetemeka na kutoroka pembeni. Siku mbili tatu zikipita hivyo, darubini inarudishwa kwenye boksi na boksi linapandishwa juu ya kabati.

Hasara hiyo ni kubwa popote, lakini inauma zaidi mahali kama Kisaka, mkoani Mara, kwenye nchi ya Wangoreme, kati ya Wakurya wa Tarime na mbuga za Serengeti. Ukiondoa mwanga wa miji midogo na wa mgodi wa dhahabu kule Nyamongo, giza la huku bado ni giza la kweli. Jambo muhimu zaidi kwa mtazamaji wa sayari ni kwamba eneo lote liko kati ya digrii 1 na 2 kusini mwa ikweta, ambako sayari hupita karibu na utosi. Mwenye darubini ya kawaida hapa anapata kila mwaka nafasi ambayo watazamaji wa London au Berlin huisubiri kwa miaka. Kinachobaki ni kujua ukuzaji gani unafaa usiku gani, na jibu la swali hilo halipo kwenye boksi. Lipo hewani.

Hesabu ya dakika moja

Ukuzaji wa darubini hupatikana kwa kugawanya namba mbili. Ya kwanza ni urefu wa fokasi wa darubini yenyewe, ambao huandikwa kwenye kibandiko karibu na mahali pa kuchungulia. Ya pili ni urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, ile lenzi ndogo inayochomolewa na kubadilishwa, na namba yake huandikwa ubavuni mwake.

Chukua darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 114 na urefu wa fokasi wa milimita 900, mojawapo ya aina zinazouzwa sana kwa wanaoanza. Ikiwekewa lenzi ya milimita 20, inakuza mara 45. Ikiwekewa ya milimita 10, mara 90. Ikiwekewa ya milimita 4, mara 225. Ikiongezewa lenzi ya Barlow ya mara tatu, ambayo huingizwa kati ya darubini na lenzi ya jicho, hesabu inafika mara 675. Ndiko namba ya kwenye boksi inakotoka, na kama hesabu tupu ni sahihi.

Kilichoachwa nje ya hesabu hiyo ni mwanga. Kioo cha milimita 114 hukusanya mwanga uleule hata lenzi ya jicho ikibadilishwa mara kumi. Ukuzaji ukiongezwa maradufu, taswira ya sayari hutandazwa kwenye eneo kubwa mara nne, na kila sehemu yake hubaki na robo tu ya mng'ao wa awali. Kipenyo huweka mpaka mwingine pia. Wanaastronomia hupima vitu vidogo angani kwa sekunde za tao: digrii moja ina dakika 60, kila dakika ina sekunde 60, kwa hiyo sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Darubini ya milimita 114 haiwezi kutenganisha nyota mbili zilizokaribiana kwa chini ya sekunde moja hivi ya tao, hata kama Dunia isingekuwa na hewa kabisa. Ukikuza zaidi ya hapo, unakuza ukungu.

Kutokana na hayo watazamaji wazoefu wana kanuni yao. Kipenyo kwa milimita, zidisha kwa mbili: huo ndio ukomo. Darubini ya milimita 60 inaishia mara 120, ya milimita 114 inaishia kama mara 228, ya milimita 200 inafika mara 400. Namba hizo lakini ni za usiku bora kuliko zote. Kwa usiku wa kawaida, ukuzaji unaolingana na kipenyo chenyewe, yaani mara 60, mara 114 au mara 200, ndio unaotoa picha safi, na zipo siku ambazo hata huo ni mwingi.

Tabaka la mwisho la safari

Mwanga unaotoka Mshtarii, sayari ambayo wengi huiita Jupita, husafiri zaidi ya kilomita milioni 580 hata inapokuwa karibu nasi kuliko wakati wowote. Karibu safari yote ni katika utupu usiougusa. Madhara yote hutokea kwenye kilomita chache za mwisho, mwanga unapoingia kwenye hewa yetu. Hewa ya joto na hewa ya baridi hupinda mwanga kwa viwango tofauti, na juu ya vichwa vyetu zimechanganyika katika mafungu yanayosukumwa na upepo bila kutulia. Anayetazama sayari anaitazama kama mtu aliyesimama ukingoni mwa Mto Mara akijaribu kuhesabu kokoto zilizo chini ya maji yanayopita.

Isaac Newton alilieleza jambo hili kwenye kitabu chake cha mwanga cha mwaka 1704. Aliona kwamba hata darubini ikitengenezwa kwa ukamilifu wote, mtetemo wa hewa ungeiwekea mpaka, na dawa pekee aliyoifikiria ilikuwa kutafuta hewa tulivu, pengine kwenye vilele vya milima mirefu. Ndiyo sababu darubini kubwa za leo zimejengwa kwenye vilele vya Hawaii, Chile na Visiwa vya Canary.

Mtetemo huo unapimika. Katika sehemu nyingi za dunia, usiku wa kawaida hewa huitandaza nukta ya nyota hadi iwe na upana wa sekunde 1 hadi 3 za tao. Sasa chukua usiku wenye mtandazo wa sekunde 2. Kwa ukuzaji wa mara 45, mtandazo huo unafika machoni ukiwa na sekunde 90, yaani dakika moja na nusu ya tao. Jicho zima la binadamu hutofautisha vitu vya kiasi cha dakika moja, kwa hiyo kasoro hiyo haionekani sana na sayari inaonekana kali. Kwa ukuzaji wa mara 225, mtandazo uleule unakuwa wa sekunde 450, dakika saba na nusu. Sasa jicho linauona wazi. Sayari imekuwa kubwa mara tano, na ukungu wake nao umekuwa mkubwa mara tano. Hakuna alama hata moja mpya iliyoongezeka juu ya uso wake.

Hapo kuna faraja kwa wenye vifaa vidogo. Mafungu ya hewa yanayosumbua mara nyingi huwa na upana wa kama sentimita 10. Darubini ya milimita 60 huchungulia kupitia fungu moja kwa wakati, kwa hiyo taswira hurukaruka lakini hubaki nzima. Darubini ya milimita 200 au 300 huchungulia kupitia mafungu kadhaa kwa pamoja, na taswira huvunjikavunjika. Kwa hiyo usiku mbaya humnyang'anya mwenye darubini kubwa faida yake, na yeye ndiye anayelazimika kushuka zaidi kutoka kwenye ukomo wake.

Zawadi ya ikweta

Sayari hazitangitangi ovyo angani. Hufuata mkanda mwembamba uleule ambao Jua na Mwezi huufuata. Kwa mtu aliye Kisaka, mkanda huo hupita juu kabisa. Hata sayari inapokuwa kwenye sehemu ya mkanda iliyo kusini kabisa au kaskazini kabisa, katikati ya safari yake ya usiku hufika zaidi ya digrii 60 juu ya upeo wa macho. Hilo ni kweli kwa Mirihi, kwa Mshtarii na kwa Zohali, mwaka wowote.

Linganisha na London. Mwaka 2019 na 2020, Mshtarii na Zohali zilikuwa upande wa kusini wa mkanda huo. Mtazamaji wa London aliziona zikifika kama digrii 16 tu juu ya upeo, kisha zikaanza kushuka. Kwa urefu huo, mwanga hupenya hewa nene zaidi ya mara tatu ya ile iliyo juu ya utosi. Usiku uleule, kutoka Kisaka sayari hizo zilipanda hadi karibu digrii 70, na hewa ya kupenya ilizidi ile ya utosini kwa kidogo sana.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya Kisaka haihusu lenzi. Inahusu subira. Sayari inapochomoza nyuma ya vilima upande wa mashariki, mwanga wake unapita kwenye hewa nene iliyojaa vumbi na joto la ardhi. Ukingo mmoja wa sayari unaonekana mwekundu na wa pili wa buluu, kwa kuwa hewa imeutawanya mwanga katika rangi zake. Wakati huo lenzi ya milimita 20 inatosha. Sayari ikifika digrii 30, hewa inayopenywa bado ni mara mbili ya ile ya utosini. Ikipita digrii 45, kazi inaweza kuanza. Kupima ni rahisi: nyoosha mkono mbele, ngumi yako inaziba kama digrii 10 za anga. Ngumi nne na nusu kutoka kwenye upeo wa macho, na lenzi ya milimita 10 inaweza kutoka mfukoni.

Watanzania waliwahi kuuona mfano mzuri wa jambo hili. Tarehe 6 Juni 2012, Zuhura ilipita mbele ya uso wa Jua, tukio ambalo halitajirudia hadi mwaka 2117. Katika Afrika Mashariki Jua lilichomoza Zuhura ikiwa tayari ndani ya duara lake, na kufikia saa 1:49 asubuhi ilikuwa imekwisha kutoka. Tukio lote, kwa upande wetu, lilionekana Jua likiwa chini. Jua likiwa chini namna hiyo, ukingo wake katika darubini huchemka, na kukuza zaidi hakumsaidii mtu kuujua wakati hasa sayari inapougusa ukingo huo. Tukio la namna hiyo hutazamwa kwa darubini iliyofungwa kichujio maalumu cha Jua mbele ya tundu lake. Bila kichujio hicho, kulielekezea Jua darubini ni kupofuka papo hapo.

Joto la ardhini

Sehemu kubwa ya mtetemo haitoki juu. Inatoka meta chache kutoka kwa mtazamaji. Kisaka Jua huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:00, lakini joto la mchana halizami nalo. Paa za mabati hupoa upesi, huku kuta za matofali, uwanja wa saruji wa shule na mawe makubwa yaliyozagaa sehemu nyingi za Mara vikiendelea kutoa joto kwa saa nyingi. Sayari ikitazamwa juu ya jiwe kama hilo saa 2 usiku, inaonekana ikiyumba polepole huku umbo lake likinyooka na kujikunja. Sogeza darubini meta 30 hadi penye nyasi, na mara nyingi sayari ileile inatulia.

Darubini nayo ina joto lake. Iliyokaa ndani ya nyumba mchana kutwa hutoka nje na hewa ya moto ndani ya bomba, na hewa hiyo hupanda mbele ya kioo ikiharibu kila kitu. Itolewe nje nusu saa kabla, na ikiwa kioo ni kikubwa, saa nzima. Kutazama kupitia dirishani ni kupoteza muda, kwa sababu joto la chumba linatoka kupitia dirisha lilelile. Jiko lenye moto upande wa sayari nalo lisogezwe, au darubini isogezwe.

Kuna namna ya kutofautisha maovu haya. Punguza ukali wa taswira makusudi kwa kuzungusha kitufe cha fokasi hadi nyota angavu igeuke duara pana. Ndani ya duara hilo hewa inaonekana kwa macho. Ikiwa kuna mawimbi mazito yanayopanda pole pole kuelekea upande mmoja, joto ni la bomba au la jirani, na linatibika. Ikiwa kuna mikwaruzo inayokimbia kwa kasi kukatiza duara, huo ni upepo wa juu, na dawa yake ni kupunguza ukuzaji au kungoja usiku mwingine.

Misimu ina tabia zake. Baada ya mvua anga husafishika, nyota zinawaka na kumetameta kwa rangi, na watu husema usiku ni mzuri. Kwa kutazama kundi la nyota la Kilimia, ni mzuri kweli. Kwa sayari mara nyingi ni mbaya, kwa sababu kumetameta ndiyo alama ya hewa inayosukasuka. Kinyume chake, kuna usiku wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, anga ina utando mwembamba wa moshi wa nyasi zilizochomwa, nyota hafifu hazionekani, na hakuna upepo. Mtu wa haraka angeingia ndani kulala. Mtazamaji wa sayari abaki nje, kwa kuwa mng'ao wa Mshtarii unatosha kupenya utando huo, na hewa tulivu inaweza kumruhusu kukuza kuliko alivyokuza mwezi mzima.

Kipimo cha Antoniadi

Anayetaka kuupima usiku kwa utaratibu anaweza kutumia kipimo cha ngazi tano cha Eugène Antoniadi, mwanaastronomia mwenye asili ya Kigiriki aliyezaliwa Konstantinopo mwaka 1870 na kufanya kazi Ufaransa. Ngazi ya I ni utulivu kamili, hakuna mtetemo wowote. Ngazi ya II ina mitetemo midogo yenye vipindi vya utulivu vya sekunde kadhaa. Ya III ni ya wastani, mitetemo ikiwa mikubwa zaidi. Ya IV ina usumbufu usiokoma. Ya V ni mbaya kiasi kwamba hata kuchora umbo la jumla ni taabu.

Kwa darubini yetu ya milimita 114, ngazi ya V ni usiku wa mara 45 na Mwezi. Ngazi ya IV ni mara 45 hadi 70. Ngazi ya III ndiyo makao ya lenzi ya milimita 10, mara 90. Ngazi ya II inaruhusu mara 150, ambazo hupatikana kwa lenzi ya milimita 6. Ngazi ya I, ambayo ni adimu, ndiyo pekee inayostahili mara 225.

Antoniadi alikuwa na sababu ya kuujali utulivu wa hewa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 Ulaya na Marekani zilijaa habari za mifereji iliyonyooka kwenye Mirihi, na Mmarekani Percival Lowell alidai ilichimbwa na viumbe wenye akili. Mwaka 1909 Antoniadi aliielekezea Mirihi darubini ya Meudon, karibu na Paris, yenye lenzi ya sentimita 83, usiku ambao hewa ilitulia kuliko kawaida. Mistari ile haikuwapo. Mahali pake aliona madoa na vivuli vingi visivyo na mpangilio, ambavyo hewa mbovu na macho yaliyochoka yalikuwa yameviunganisha kuwa mistari. Ubishi wa dunia nzima ulipata jibu kwa sababu mtazamaji mmoja aliyejua kuusoma usiku alikuwa penye darubini hewa ilipotulia.

Sayari moja moja

Mshtarii ndiyo sayari ya kuanzia. Inapokuwa karibu, upana wake ni kama sekunde 45 za tao, kwa hiyo kwa mara 40 tu inaonekana kubwa sawa na Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Galileo Galilei aliigundua miezi yake minne mwezi Januari 1610 kwa ukuzaji wa kama mara 20. Kwa mara 45 mikanda miwili ya mawingu inajitokeza. Kwa mara 90 mikanda hiyo inaanza kuonyesha kingo zisizo sawa, na kivuli cha mwezi kinachopita juu ya sayari kinaweza kuonekana hewa ikiruhusu. Alama za Mshtarii ni hafifu, rangi juu ya rangi, na ukuzaji mwingi huzifuta. Wazoefu wengi hupendelea kubaki chini kidogo kwa sayari hii hata usiku mzuri.

Zohali inavumilia zaidi, kwa sababu mpaka kati ya pete na giza ni mkali. Pete zinatambulika kuanzia mara 25 au 30. Christiaan Huygens aliuona mwezi wake mkubwa, Titan, mwaka 1655 kwa kukuza kama mara 50. Mwanya mweusi kati ya pete, uliogunduliwa na Giovanni Domenico Cassini mwaka 1675, unahitaji mara 100 na zaidi pamoja na hewa ya ngazi ya II.

Mirihi ndiyo mtihani. Ukubwa wake hubadilika mno: kutoka sekunde chini ya 4 hadi zaidi ya 25, kama ilivyokuwa Agosti 2003. Ikiwa ndogo, hakuna lenzi itakayoifanya vingine. Inapokaribia, kila miezi 26 hivi, inahitaji ukuzaji wote ambao hewa itautoa. Zuhura ni kinyume chake. Inang'aa mno na hukaa chini magharibi jioni au mashariki alfajiri, kwa hiyo itazamwe mapema mara Jua likizama, ikiwa bado juu, kwa mara 45 hadi 90, kuona umbo lake la hilali.

Kupanda ngazi

Utaratibu wenyewe ni mwepisi. Anza na lenzi yenye namba kubwa, milimita 20 au 25. Itafute sayari, iweke katikati, kaza fokasi. Tazama kwa dakika nzima, maana hewa hufunguka kwa nusu sekunde hapa na sekunde moja pale, na jicho linalosubiri ndilo linalovuna. Kisha panda lenzi moja. Jiulize swali moja tu: je, kuna kitu ninachokiona sasa ambacho sikukiona kwenye lenzi iliyotangulia? Kama kipo, panda tena. Kama sayari imekuwa kubwa bila kuongeza chochote, shuka ngazi moja, ubaki hapo. Saa ikipita, jaribu tena, kwa sababu sayari imepanda na ardhi imepoa. Katikati ya usiku na karibu na alfajiri mara nyingi huruhusu kile ambacho saa 2 usiku ilikataa.

Mwili nao hukumbusha. Lenzi ya milimita 4 ya bei nafuu ina tundu dogo kiasi kwamba kope hugusa kioo na kuacha alama ya mafuta, na anayevaa miwani hawezi kuitumia bila kuivua. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo kwenye darubini isiyo na mota sayari hukatiza duara la kuonea kwa zaidi ya dakika nne kwa mara 45, kwa kama dakika mbili kwa mara 90, na kwa chini ya dakika moja kwa mara 225. Fikiria foleni ya wanafunzi 40 kwenye uwanja wa sekondari. Kwa mara 225, kila mtoto wa pili angekuta giza. Kwa mara 45, wanafunzi watatu wanne wanaona pete za Zohali kabla mwalimu hajagusa darubini.

Waliotengeneza Galileoscope kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, 2009, walilijua hilo. Kifaa hicho cha kujiunganishia, chenye lenzi ya milimita 50, kilipangwa kukuza mara 25, na mara 50 kikiongezewa Barlow. Kilisambazwa katika zaidi ya nchi 100, na watoto walioona kwa macho yao miezi ya Mshtarii kupitia kifaa hicho hawakuhitaji namba ya kwenye boksi. Kwa upande wetu, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amekuwa kwa miaka mingi akiwaelezea Watanzania anga ya usiku magazetini, na huko Kenya Susan Murabana na Chu Owen, kupitia Travelling Telescope, hupeleka darubini shuleni na vijijini. Darubini moja inayofika shule moja ya Mara inastahili mwalimu anayejua kwamba lenzi ya milimita 20 haina aibu.

Shule ya namna hiyo ikiwa na daftari la kawaida inaweza kufanya kazi ya maana. Kila usiku wa kutazama iandikwe tarehe, saa, sayari, urefu wake kwa ngumi, ngazi ya Antoniadi, hali ya upepo na moshi, na ukuzaji wa juu kabisa ulioonyesha kitu kipya. Baada ya mwaka, wanafunzi watakuwa na kumbukumbu ya hewa ya kwao: miezi gani inatulia, saa ngapi ardhi hupoa, upande gani wa uwanja ni bora.

Kuna tarehe za kujiandalia. Februari 19, 2027 Mirihi itakuwa mkabala na Jua, ikiwa na upana wa kama sekunde 14, ndogo lakini ikipita juu kabisa usiku wa manane, na itahitaji lenzi ya milimita 6 na hewa ya ngazi ya II. Pete za Zohali, ambazo Machi 2025 zilitugeukia ubavu na karibu kutoweka, zinazidi kufunguka kila mwaka hadi zitakapofika upana wake wote mwaka 2032, na mwanya wa Cassini utakuwa rahisi zaidi mwaka hadi mwaka kwa darubini ileile. Septemba 2035 Mirihi itarudi ikiwa na sekunde zaidi ya 24. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza sasa atakuwa mtu mzima siku hiyo, na akianza daftari lake mapema atajua, kwa rekodi zake mwenyewe, saa ya kutoa darubini nje na lenzi ya kuanzia.